Simulizi za Kutisha Kwenye Hedifoni: Kijana Mkatoliki Asikilizeje?



 Leo tunalijibu swali linaloulizwa sana huku mwambao wa Ziwa Tanganyika: je, ni dhambi kusikiliza simulizi za kutisha na za upelelezi?

Swali lina uzito wake. Anayejua maisha ya Kipili, Kirando na visiwani anajua kwamba usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mwezi ukiwa haupo, mitumbwi inaingia ziwani na taa kuwafuata dagaa na migebuka. Anayebaki kambini kulinda nyavu na vyombo ana saa nyingi za kukaa macho. Simu ipo, memori kadi ipo, na simulizi zimeshapakuliwa tangu alipokwenda Namanyere au Sumbawanga mjini. Anavaa hedifoni, anabonyeza, na sauti nzito inaanza: "Ilikuwa usiku wa manane..." Basi, hapo usingizi kwaheri!

Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome sehemu hizi tatu: Danieli sura ya 13 na 14, Mathayo 14:22-33, na 1 Samweli 28. Tutazirudia zote.

Jibu fupi ni hili: si dhambi kufurahia hadithi ya siri au ya kutisha. Lakini hadithi inaufundisha moyo jambo fulani, hata kama wewe unadhani unapitisha muda tu. Kwa sisi wa Rukwa, jambo hilo linaweza kugusa uhai wa mtu. Twende polepole.

1. Kitabu cha kusikiliza ni tendo la huruma

Wengine wanadhani vitabu vya sauti ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Siyo kweli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, askari wengi walirudi makwao vipofu, na kujifunza nukta za Braille ukubwani ni kazi ngumu. Novemba 1935, taasisi ya kuwahudumia vipofu ya Uingereza ilianza kuwapelekea vitabu vilivyosomwa kwenye sahani za santuri. Na unajua mojawapo ya vitabu vya kwanza kabisa kilikuwa kipi? *The Murder of Roger Ackroyd* cha Agatha Christie, hadithi ya mauaji na upelelezi! Yaani kitabu cha sauti na hadithi ya siri vimetembea pamoja tangu mwanzo.

Kwetu mambo haya ni ya zamani zaidi. Kabla ya umeme na simu, bibi alikaa karibu na moto akasimulia habari za zimwi linalomeza watoto, na watoto wakajibana kwenye kanga yake. Walitetemeka, lakini walikuwa salama. Kuogopa ukiwa mikononi mwa anayekupenda ni mafunzo: unajifunza kwamba ubaya upo, na kwamba hauna neno la mwisho.

Hedifoni imebadilisha kitu kimoja. Bibi hayupo. Sauti inaingia moja kwa moja sikioni, picha hakuna, na akili yako inachora zimwi kwa kutumia vitu unavyovijua: njia ya kwenu, mlango wa kwenu, sura ya jirani yako. Kumbuka neno hilo, sura ya jirani. Tutalirudia.

2. Biblia yetu ina mpelelezi

Biblia ya Kikatoliki ina Danieli sura ya 13 na 14, ambazo katika Biblia za madhehebu mengine hazimo kwenye kitabu hicho. Kijana, usizipite kama unapita stendi!

Sura ya 13 ni habari ya Susana. Wazee wawili, waamuzi wanaoheshimika, wanamtaka kwa nguvu. Anakataa. Wanamzushia kwamba wamemkuta na kijana bustanini chini ya mti. Watu wanaamini, maana wanaosema ni wazee, na tena ni wawili. Susana anahukumiwa kufa. Hapo Mungu anamwamsha kijana Danieli. Naye anafanya nini? Hapigi ramli wala haombi ishara mbinguni. Anasema watengwe mmoja mmoja, kisha anamwuliza kila mmoja swali dogo: uliwaona chini ya mti gani? Huyu anataja mti huu, yule anataja mti mwingine. Uongo umekamatika, na mtu asiye na hatia amepona.

Sura ya 14 ni kisa cha sanamu ya Beli. Kila usiku chakula kingi kinawekwa mbele yake, asubuhi hakipo, na mfalme anaamini kwamba sanamu inakula. Danieli anamwaga majivu sakafuni kimyakimya, na mlango unafungwa. Asubuhi majivu yana nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani sabini na familia zao walikuwa wanapita mlango wa siri wakila wao.

Mwaka 1928 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alipokusanya hadithi fupi za upelelezi, siri na kutisha katika kitabu kimoja kikubwa, aliziweka habari hizi mbili miongoni mwa mifano ya kale kabisa. Hakukosea. Ushahidi, mashahidi kuhojiwa mbalimbali, nyayo kwenye majivu: yote yamo.

Roho Mtakatifu alimwongoza Danieli kutumia akili. Alitaka ushahidi kabla mtu hajapigwa mawe.

3. Mapadre waliopenda hadithi hizi

G. K. Chesterton, mwandishi wa Uingereza, alianza mwaka 1910 kuandika hadithi za Father Brown, padre mfupi mwenye mwavuli ambaye anafumbua mauaji kuliko polisi. Chesterton mwenyewe alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922, na aliyempokea ni Padre John O'Connor, rafiki yake ambaye ndiye aliyempa wazo la mhusika huyo.

Katika hadithi ya kwanza, mwizi amevaa kama padre. Father Brown anamtambuaje? Pamoja na mengine, mwizi yule alizungumza kwa kuidharau akili. Father Brown akajua papo hapo kwamba huyu si padre, kwa sababu anayeidharau akili hajaijua teolojia. Pia katika hadithi hizo padre anaeleza kwamba siri yake ni kujiweka ndani ya moyo wa muuaji hadi aone kwamba hata yeye angeweza kutenda uovu ule. Hiyo, ndugu yangu, inafanana sana na kutafiti dhamiri kabla ya kitubio.

Padre mwingine ni Ronald Knox, ambaye aliitafsiri Biblia kwa Kiingereza peke yake. Huyu naye aliandika riwaya za upelelezi, na mwaka 1929 akatoa kanuni kumi za uandishi wake. Mojawapo ni kwamba nguvu za kimizimu haziruhusiwi kuwa jibu la fumbo. Padre kabisa, anayeamini malaika na shetani, anasema: ukiwa unatafuta nani kaua, usitupie mizimu. Tafuta mtu, tafuta sababu, tafuta njia.

4. Na Kiswahili je?

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa mwaka 1960. Jina tu linasisimua mwili! Mtu ameuawa mahali penye mzimu, na wengi wanaona jambo liko wazi: mzimu umekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno ya watu. Sitakuharibia utamu, kakitafute. Ila elewa mwelekeo: kichwa cha kitabu kinakutisha kwa mzimu, na kitabu chenyewe kinakufundisha kutafuta mkono wa mtu.

Baada yake wakaja Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Tuna urithi wa kutosha, na vitabu vya namna hii vikisomwa vizuri kwa sauti, raha yake si ya kawaida.

5. Hofu njema na hofu mbaya

Sasa tuje kwenye za kutisha kabisa. Soma Mathayo 14. Wanafunzi wako ziwani, upepo ni wa mbisho, mawimbi yanapiga. Ni zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na saa kumi na mbili alfajiri. Wavuvi wa Kipili hawahitaji kuelezwa saa hiyo ikoje. Wanaona mtu anatembea juu ya maji, wanapiga kelele kwamba ni mzimu. Na aliyekuwa anakuja ni Bwana Yesu.

Tazama vizuri: Yesu hakuwacheka kwa kuogopa. Aliwatuliza, akajitambulisha, akamnyoshea Petro mkono. Hofu yao iliishia kwenye kumwabudu. Hiyo ndiyo hofu njema, inayokupeleka kwenye mkono wa Bwana. Simulizi ya kutisha inaweza kufanya hivyo: inakukumbusha kwamba uovu si mchezo, kwamba kifo kipo, kwamba unahitaji Mwokozi.

Hofu mbaya iko kwenye 1 Samweli 28. Sauli ameogopa jeshi la Wafilisti, Mungu hamjibu, na usiku anajibadili mavazi akaenda kwa mwanamke wa Endori apandishiwe marehemu Samweli. Anarudi na hofu kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataa wazi ramli, kuita wafu na uchawi wa kila aina. Kwa hiyo simulizi ikikuacha unatamani kujaribu yale uliyoyasikia, au kwenda kwa mganga kuangaliziwa, ujue hiyo imeshavuka kutoka burudani. Izime.

6. Jambo linalotuhusu sisi wa Rukwa

Hapa ndipo penye moyo wa somo.

Kijana wa Ufipa akienda Dar au Mbeya akasema ametoka Sumbawanga, mara nyingi anapokelewa na utani: "Ee, usije ukatutupia radi!" Jina lenyewe la mji wengi hulieleza kuwa linamaanisha kutupa uchawi, yaani kuuacha, lakini utani umegeuza maana juu chini. Watunga simulizi nao wanajua kwamba jina hilo linauza. Ndiyo maana utakuta simulizi inatangazwa kuwa "kisa cha kweli kilichotokea Sumbawanga", na ndani yake kuna bibi kizee mwenye macho mekundu anayekula watu usiku.

Sasa jiulize. Bibi mwenye macho mekundu ni nani? Ni mama aliyepikia kuni maisha yake yote kwenye jiko lenye moshi. Macho yake ni mekundu kwa sababu alilisha watoto. Katika nchi yetu, hasa kanda ya Ziwa Victoria, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayo. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya maneno ya waganga. Haya si simulizi, jamani. Ni makaburi.

Na huku kwetu? Mwaka 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa vilipitiwa na Kamchape, watu waliodai kuwatambua wachawi na kutoa dawa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akiwachunguza Wafipa wakati huo, aliandika habari zake mwaka 1968. Jina hilo bado linasikika mpaka leo, na kila linaposikika kuna mzee anayeogopa kulala nyumbani kwake.

Ugomvi wote huanza na swali moja. Mtoto amepata degedege, mvuvi hajarudi, radi imeua ng'ombe. Mtu anaweza kuuliza "nini?" au "nani?" Ukiuliza "nini?", utapata malaria kali, na utamkimbiza mtoto zahanati. Utapata upepo uliogeuka ghafla na mtumbwi mkongwe usio na boya, na kesho utanunua boya. Utapata uwanda wetu ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mawingu mazito ya masika, na ng'ombe waliokusanyika chini ya mti mmoja. Ukiuliza "nani?" bila ushahidi, utapata jirani. Na sura ya jirani tayari imo kichwani, imechorwa usiku uliopita na hedifoni.

Wazee wawili wa Danieli 13 walikuwa na jina tayari, wakatafuta kosa la kulibandika. Danieli alianza na swali. Kijana, wewe unataka kuwa upande gani?

Hapo kaskazini mwetu, Karema, aliishi Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akafanywa mtumwa, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 kama katekista na tabibu. Alitibu watu wa ziwa hili mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliwafundisha sala, na ugonjwa akautafutia dawa. Imani na akili vilikaa kwenye mtu mmoja bila kugombana.

7. Kanuni saba za msikilizaji

1. *Angalia nani anauawa na nani analaumiwa.* Simulizi ikiwa kila mara mchawi ni bibi mzee, mjane, mlemavu au mtu wa kabila fulani, hiyo inakufundisha chuki. Achana nayo.

2. *"Kisa cha kweli" kisicho na ushahidi ni uzushi.* Kikimtaja mtu au kijiji halisi, usikisambaze kwenye grupu. Amri ya nane inahusu pia kitufe cha kutuma.

3. *Simamisha kabla ya mwisho.* Kwenye upelelezi, bonyeza "simama" ukajiulize: ushahidi uko wapi, nani kadanganya, mimi ningeshawishika na nini? Mkisikiliza wawili watatu mkabishana, utamu unaongezeka mara mbili.

4. *Usisikilize ukiwa kazini kwenye hatari.* Juu ya bodaboda au ndani ya mtumbwi, masikio ni ya upepo na injini.

5. *Watoto wasishirikishwe.* Mdogo wako wa miaka sita hajui kutenganisha. Spika ya nje zima.

6. *Mtunzi alipwe.* Simulizi nyingi zimesomwa kutoka vitabu vya watu bila ruhusa. Amri ya saba haijafutwa na intaneti, na COSOTA ipo kwa ajili ya hakimiliki. Ukiweza, sikiliza pale mwenye kazi anapofaidika.

7. *Usilale na sauti ya zimwi.* Maliza dakika kumi kabla ya usingizi, kisha sali. Zaburi ya 91, ambayo Kanisa huisali katika Sala ya Usiku ya Jumapili, inataja waziwazi hofu ya usiku na kuiweka chini ya mabawa ya Mungu. Ukiamka saa nane mwili unasisimka, fanya ishara ya msalaba, taja jina la Yesu, rudi kulala. Kama hofu haiishi siku nyingi, zungumza na padre, katekista au mtu mzima unayemwamini.

Maswali ya jumuiya

- Simulizi ya mwisho uliyosikiliza ilikuacha unamshuku nani? Kwa nini?
- Kwenye kigango chenu kuna mzee anayesemwa vibaya? Nani amemtembelea mwezi huu?
- Kama ungekuwepo siku ya Susana, ungekuwa kwenye kundi lililoamini, au ungeuliza swali?

Azimio la wiki

Chagua bibi au babu mmoja anayeishi peke yake. Mpelekee kuni, au dagaa, au ndoo ya maji. Kaa naye nusu saa, umwombe akusimulie hadithi. Ukiwa na simu, na akikubali, mrekodi. Hicho nacho ni kitabu cha sauti, na kijiji kikimwona kijana anaingia na kutoka nyumbani kwake akicheka, maneno mengi yatakosa pa kukaa.

Tusali

Bwana Yesu, uliyetembea juu ya maji usiku wanafunzi wako walipodhani wewe ni mzimu, utukaribie nasi tunapoogopa. Utupe akili ya Danieli ya kuuliza, na ujasiri wake wa kumtetea asiye na kosa. Uwalinde wazee wetu, na wavuvi wote walio ziwani usiku huu. Uyabariki masikio yetu, yasikie sauti yako kuliko sauti zote. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.